Msumeno Uliomwita Tahiri

Ndugu zangu wa ufuko huu, sikieni yaliyompata Tahiri, fundi wa maboti hapa Rumonge.

Asubuhi hiyo karakana ilikuwa tulivu, umeme umekatika. Desturi ya mafundi wetu mnaijua: mashine ya msumeno huachwa imewashwa, wao huenda kunywa chai. Umeme ukirudi, msumeno hulia wenyewe, nao huacha vikombe wakakimbilia kazi.

Warda, binti yake Tahiri na fundi mwenzake, aliiogopa desturi hiyo. Mwezi uliotangulia alikuwa ameuomba mkutano wa mafundi uweke sheria: kila mashine iwe na swichi inayojizima umeme unapokatika, isiwake mpaka mtu abonyeze.

"Papa Tahiri," fundi mmoja, Melkiades, alitania, "mutoto wako anataka tulinde mashine kama mugonjwa?"

Watu walicheka. Tahiri, mwenyekiti wao, alisimama. "Miaka makumi mbili mashine inaniita, sijakatwa hata ukucha. Nikiwa hai, hiyo swichi haiingii hapa!"

Makofi yakapigwa. Hakuna aliyeuliza ni nani husafisha mashine umeme ukiwa haupo.

Sasa, asubuhi hiyo ya umeme kukatika, Warda alikuwa amepiga magoti, akitoa unga wa mbao chini ya msumeno.

"Papa, zima kwanza."

Tahiri alinyoosha mkono kuizima mashine. Mlangoni alisimama Melkiades, akitabasamu. Mkono ukarudi.

"Acha hivyo. Nilisema mbele ya watu."

Akaenda kunywa chai, na alikuwa hajamaliza kikombe aliposikia msumeno ukimwita. Safari hii sauti ilikwama, kisha ikaendelea. Alikimbia. Warda alikuwa amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Katika mkutano uliofuata, Tahiri mwenyewe aliomba sheria ile.

"Na neno lako, mwenyekiti?" mmoja akauliza.

"Nililishika. Muone mukono wa Warda."

Melkiades ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono.

Siku hizi umeme ukirudi, karakana hubaki kimya. Tahiri husimama kando, akingoja. Warda hutazama chini ya meza, hutazama tena, kisha hubonyeza kwa mkono wa kushoto.

FUNZO

Miaka ishirini bila ajali haithibitishi kwamba mashine ni salama. Inathibitisha tu kwamba umeme ulikuwa haujarudi mkono ukiwa pale. Aliyekosea mbele ya watu na ajirudi mbele ya watu, kabla mwingine hajaumia kwa sababu yake.