Sura Zilizokatwa kwa Mkasi

Mwalimu alikuwa ndani ya kabati la nguo, amejifunika blanketi, anasoma jiografia kwa sauti. Kabati ndiyo studio yake. Makoti yanameza mwangwi, na blanketi linapunguza kelele za barabarani. Kisichopungua ni cherehani ya mumewe.

"Mto huanzia nyanda za juu," alisoma, "na unaposhuka..."

Krrrrr!

Akazima maikrofoni na kutoa kichwa nje. "Baba watoto! Nimekuomba nini?"

"Mshono mmoja tu, mama!" Fundi akajibu kutoka sebuleni.

"Mshono gani huo usioisha tangu asubuhi?"

Ndivyo maisha yalivyokuwa katika nyumba hiyo. Mume alishona nguo, mke alifundisha shule ya wanafunzi wasioona. Mwaka huo kitabu cha jiografia kilibadilishwa, na kipya kilikuwa hakijachapwa kwa nukta nundu. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Wanafunzi wangekisoma kwa vidole gani? Mwalimu akaona asingoje wakubwa. Angewasomea yeye, sura kwa sura, arekodi kwenye kompyuta, nao wasikilize bwenini. Kabati lilikuwa na joto la tanuri na koo lilimkauka, lakini hakuacha.

Kazi ya kutunza nakala alimwachia mumewe. Kila sura ilipokamilika, Fundi alichomeka flashi, akabonyeza hapa na pale, kisha akaichomoa na kuiweka kwenye kopo la vifungo.

"Usiwe na wasiwasi," alisema kila mara. "Ikipotea huku, ipo kule."

Mwalimu alimwamini. Hakufungua hata mara moja kuangalia.

Siku aliyomaliza sura ya mwisho, alitoka kabatini akitokwa jasho, uso ukimng'aa. "Lete flashi. Kesho wanafunzi wanaanza kusikiliza."

Fundi akaichomeka. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri tena, kisha ikasema kwamba haiwezi kuisoma. Ikauliza kama iisafishe na kuiandaa upya.

"Inauliza kama iisafishe," akasema Fundi. "Niiambie ndiyo?"

"Ukigusa hicho kitufe utanitambua!" Mwalimu akaudaka mkono wake. Akavuta pumzi. "Haidhuru. Flashi imekufa, basi imekufa. Tutachukua zile za kompyutani."

Akafungua folda. Ndani mlikuwa na sura moja tu, ile aliyoimaliza muda huo huo.

"Nyingine ziko wapi?"

"Si ziko kwenye flashi?"

"Nauliza za hapa. Za kompyutani."

"Si ndizo hizo nilizozinakili?"

Mwalimu akamsogezea kompyuta. "Hebu nioneshe unavyonakili. Taratibu."

Fundi akaishika ile sura iliyobaki. Yakatokea maneno ya Kiingereza na vipicha pembeni yake. Maneno hakuyajali, kwa sababu Kiingereza hakikuwa lugha yake. Akaelekeza mshale moja kwa moja kwenye kipicha cha mkasi.

"Huo ni mkasi!" Mwalimu akapiga kelele.

"Ndiyo, mkasi. Nautambua mkasi jamani, ndio unaonilisha."

"Mkasi maana yake unakata! Unaiondoa hapa unaipeleka kule! Na zilipokuwa zinatoweka hapa, hukushangaa?"

"Nishangae nini? Kitambaa nikikikata hakibaki kwenye jora. Nikaona hata kompyuta imekuwa nyepesi, nikajua kazi imekubali."

Mwalimu akakaa chini sakafuni akashika tama. Jasho la miezi kabatini, na kumbe hapakuwa na nakala hata moja! Kila sura ilikuwa ikihama tu. Alimkasirikia mumewe, akajikasirikia na yeye, kisha akalia kwa sauti.

Mlango ukagongwa. Akaingia jirani yao, mwanamke anayetunza kumbukumbu za kituo cha redio. Mtaa mzima ulimwita Dada Kanda.

"Nimesikia makelele nikadhani kuna msiba," alisema. "Nani kafa?"

"Flashi," akajibu Fundi kwa unyonge.

Walipomweleza, Dada Kanda alifumba macho kama mtu mwenye maumivu ya jino. "Kila mwezi nasikia hadithi hii. Kila mwezi! Hebu kaeni wote wawili. Kwanza, msirekodi kitu chochote kipya kwenye kompyuta hii, kisije kikazifunika za zamani. Nitajaribu kuopoa zilizokatwa. Nikipata chache tushukuru."

"Nami nitanunua flashi nyingine tatu," akasema Fundi, akitaka kusamehewa.

"Tatu za nini? Shemeji, flashi ni ya kubebea. Unatoa kitu hapa unapeleka pale, basi. Inapotea, inaingia maji, na siku nyingine inakufa bila hata kukohoa. Usiifanye ghala."

"Basi CD," akasema Mwalimu. "Zamani tulitumia CD."

"Inachubuka. Na mashine yako hii ina tundu la CD?"

Mwalimu akaipapasa kompyuta ubavuni. Haikuwa nalo.

"Kama ni hivyo, nitengeneze folda nyingine humu humu."

"Mwalimu, na wewe pia! Kompyuta ikiibiwa, mwizi atakuachia folda?"

Fundi akajifanya anakohoa ili asicheke.

"Sikilizeni," Dada Kanda akaendelea. "Kazi yenu ibaki kwenye kompyuta. Hiyo ya kwanza. Ya pili iwekeni kwenye diski ya nje. Ni kubwa, inabeba sauti nyingi, na inafaa kwa kutunza. Lakini msiiache imechomekwa siku zote. Virusi vikiingia, au umeme ukija kwa kishindo, vyote vinakwenda pamoja. Nakilini, chomoeni, na msiiangushe, maana nayo ina moyo mwepesi."

"Nitaiweka hapa kabatini," akasema Mwalimu.

"Na nyumba ikiungua?"

Mwalimu akafikiri. "Basi ikae shuleni, kwenye kabati la ofisi linalofungwa."

"Umeanza kunielewa. Ya tatu ipandisheni kwenye hifadhi ya mtandaoni. Sauti ni nzito, zitakula bando lenu lote, kwa hiyo pandishia shuleni kwenye intaneti yao. Nywila usiisahau. Na mkishanakili, fungueni nakala mzisikilize. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu."

"Na mkasi?" Fundi akauliza.

"Mkasi uuache kwenye nguo! Wewe tafuta kipicha cha karatasi mbili zilizopandana. Ukimaliza, angalia zilikotoka. Kama hazipo, umekata. Kama zipo, umenakili."

Dada Kanda aliopoa sura chache za mwanzo. Zilizobaki hazikupatikana. Mwalimu akarudi kabatini. Alisoma kwa hasira, meno yamebana, na Fundi hakuthubutu kugusa cherehani. Kila sura ilipokwisha, waliketi pamoja. Fundi alinakili kwenye diski, akaifungua nakala, wakaisikiliza wote wawili mpaka mwisho. Asubuhi Mwalimu aliibeba diski kwenda shuleni, akaipandisha ile sura mtandaoni, akaifungia diski kwenye kabati la ofisi. Alipokuwa na sura mpya ya kunakili, aliirudisha diski nyumbani. Ilichosha. Alinung'unika njia nzima.

Mtihani ulipokaribia, umeme ulikatika mtaani. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu, na kompyuta ikatoa moshi mwembamba. Fundi akaruka kuchomoa waya, lakini alichelewa. Akamtazama mkewe kwa woga.

"Sura zote?" akanong'ona.

Mwalimu aliitazama mashine iliyokufa. Alingoja moyo umwende mbio, lakini haukwenda. "Kompyuta tumeipoteza," akasema. "Sura ziko shuleni. Nipishe nilale."

Kesho yake, shuleni, alifungua kabati la ofisi, akaitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta ya hapo. Sura zilikuwamo zote. Akazinakili kwenye redio ndogo za wanafunzi zinazohifadhi sauti, na bweni zima likasikiliza mpaka siku ya mtihani.

Mtihani ulipomalizika, wanafunzi walimzunguka uani. Walisema swali kubwa lilikuwa la mmomonyoko wa udongo, na wote walilijibu.

"Ile sura mliielewa vizuri?" akauliza, akiwa na furaha.

Msichana mmoja akacheka. "Mwalimu, sura za mwanzo na ile ya mwisho ulisoma polepole, tukasinzia, baadhi zikatupita. Lakini kuanzia mmomonyoko ulikuwa unasoma kama unatugombeza. Hizo tuliogopa kuzisahau."