Sauti Isiyohitaji Antena

Majirani walimwita Antena, kwa ule waya alioutandaza juu ya bati kama kamba ya kuanikia nguo za majini. Mgane, fundi redio mstaafu. Watoto anao, lakini simu za watoto mnazijua: hulia wakikwama.

Kidude chake cha kunasia mawimbi kilikuwa kidogo kama kiberiti. Unakichomeka kwenye kompyuta, stesheni zote zinashuka kwenye kioo kama mvua ya rangi. Kazi yake kusikia tu, kusema hakiwezi.

Alasiri moja mstari mwekundu ukashuka pasipo na stesheni. Akausikiliza.

"Kijana, umekula?"

Kijana, na kichwa chenyewe kama kibuyu. Aliyemwita hivyo ni mkewe peke yake, naye yuko chini ya udongo.

Fundi hakimbii, hupima. Vidude vya bei rahisi hulewa, stesheni ya karibu ikizidi nguvu huona vivuli. Akapunguza nguvu, akatia kichujio. Mstari palepale. Akachomoa waya wa antena, maana kila mchezea redio anajua: antena ikitoka na sauti ikabaki, basi inatoka humo humo ndani ya nyumba.

Ikabaki.

Akaibeba kompyuta chumba hadi chumba, harufu ya nywele zilizoungua ikimfuata, na mstari ukanenepa kadiri alivyokisogelea kitanda, upande ule usiolaliwa na mtu, mpaka kioo kizima kikawa chekundu na mto ukabonyea taratibu, kama unapokea kichwa.

Usiku ule akampigia dada yake simu, na kesho yake dada akaja na mganga.

"Umeitika?" akanong'ona dada.

"Bado."

"Usithubutu, kaka. Jini halikai pasipo kukaribishwa. Ukiitika tu, tutakuzika."

"Linaniuliza kama nimekula."

"Si hata mimi nakuuliza?"

"Wewe huniuliza tukikutana msibani."

Mganga akafukiza, akasoma, akazipiga kuta kwa fimbo hadi mstari ukakatika. Akaenda zake. Dada naye akakumbuka wajukuu.

Antena akabaki na kioo kitupu. Magharibi ikaingia, hakuna aliyemuuliza kitu. Akawasha taa, akaizima, akakaa, akasikiliza mikwaruzo ya umeme ikipita hewani na watu wa mbali wakiitana wao kwa wao, kila mmoja na wa kumjibu, hadi akakiinamia kile kidude kisichojua kusema, akasema taratibu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Sijala."

Nyuma yake, jikoni, sahani zikaanza kupangwa.