Mlango wa Nyuma wa Karakana ya Shamimu

Mgeni alifika alasiri, mwezi wa Ramadhani, wakati harufu ya magimbi ya nazi imeshajaa karakana nzima. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sare ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alisimama kizingitini, hakuingia.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, afande," akajibu Shamimu. Karakana ile ya kusokota kamba za mkonge, pale Mazinde, ilikuwa mikononi mwake, na hakuwa amemwita mtu.

"Naitwa Evodia. Natoka Korogwe, nakagua majengo ya kazi. Hicho kinachochemka ni nini?"

"Futari. Tukisema tukapike nyumbani, adhana inatukuta njiani. Kwa hiyo tunapika hapahapa huku tunasokota."

"Ndani?"

"Nje upepo unatutilia majivu kwenye sufuria."

Evodia alilitazama jiko la mkaa. Karibu yake zilining'inia singa, nyuzi kavu za mkonge, nyepesi kiasi cha kutikisika mtu akipita. Shamimu alikuwa akiziona kila siku. Leo aliziona kama anavyoziona mgeni, akaingiwa na aibu.

"Mlango mwingine uko wapi?"

"Nyuma ya marobota haya," alijibu Emiliana kutoka mwisho wa chumba. Emiliana alikuwa mama mtu mzima, Msambaa wa Bumbuli. Mguu wake mmoja ulivunjika zamani, akawa anatembelea fimbo. Alipenda kukaa kule nyuma kwa sababu dirisha lenye nondo lilimpa mwanga.

"Dada Shamimu, tujaribu jambo," Evodia alisema. "Toeni jiko nje kwanza. Nikipiga filimbi, kila mtu atoke kama kuna moto kweli."

"Afande, nikikimbia na swaumu hii mtanibeba," alisema Mwantumu, msokotaji mwenye maneno mengi. Wenzake wakacheka.

Filimbi ililia. Wanawake walikimbilia mlango wa mbele, wakabanana. Ndoo ilipinduka, khanga zikakanyagwa. Shamimu alikuwa miongoni mwa waliotangulia kutoka, simu mkononi. Nje walicheka, wakijipangusa vumbi. Kisha wakasikia fimbo ikigonga sakafu. Emiliana alikuwa bado katikati ya chumba.

"Msinisubiri," alisema. "Nikifika mtakuwa mmeshafuturu."

Hakuna aliyecheka. Shamimu aliitazama simu yake. Simu alikuwa ameikumbuka.

Evodia hakumgombeza. Aliketi naye kwenye benchi. "Singa zikishika moto, moshi unajaa upesi. Mtu hauoni hata mlango anaoupita kila siku. Sasa mama yule angepita wapi?"

"Lakini afande, jengo ni la Mzee Mbwana. Mimi nimepanga tu."

"Mzee Mbwana ana wajibu wake, nitaonana naye. Ila anayeendesha kazi humu ni wewe. Sheria inakutaka uwalinde watu unaowafanyisha kazi. Njia ya kutokea iwe wazi wakati wote wa kazi. Mlango ufunguke kwa ndani bila kutafuta ufunguo. Kila mtu ajue atatokea wapi, na mtakutana wapi nje ili mjue nani hajatoka."

"Mtungi wa kuzimia moto ninao. Ule pale."

Evodia alitoa khanga iliyotundikwa juu ya mtungi, akasoma mshale wake. "Huu umeisha nguvu. Umebaki pambo. Ujazwe, ukaguliwe, na watu wafundishwe kuutumia. Moto ukiwazidi, tokeni, mpige 114."

"Na nisipofanya?"

"Nitakupa muda. Ukikaidi, kuna adhabu, hata kufungiwa. Lakini dada, sitaki kurudi hapa na king'ora."

Jioni ile, baada ya kufuturu, Shamimu alimfuata Emiliana. "Mama, mlango huu hautazibwa tena. Nakuahidi."

"Hata mzigo ukija?"

"Hata mzigo ukija."

"Haya. Nitakukumbusha. Miguu sina, mdomo ninao."

Kazi ilianza kesho yake. Marobota yalipangwa kwenye kuta za pembeni. Mzee Mbwana alinung'unika kidogo, kisha akaleta fundi. Kufuli la mlango wa nyuma likaondolewa, likawekwa komeo la kuvuta kwa mkono. Jiko lilihamia nje, mbali na singa, likakingwa upepo kwa mabati chakavu. Mtungi ulijazwa, na Evodia akarudi kuwafundisha kuushika. Alipopiga filimbi tena, walimkuta Emiliana ameshatokea mlango wa nyuma na kufika kwenye uwanja wa kukutania.

"Mmechelewa," aliwaambia. "Nilidhani mmeungua."

Idi ilipokaribia, dereva Kasmiri alileta Fuso la singa kutoka Segera. Ilikuwa oda kubwa. Kila msokotaji alikuwa ameitegemea kwa nguo za watoto. Lakini pembeni palitosha nusu tu ya mzigo. Nafasi nyingine ilikuwa mbele ya mlango wa nyuma. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima, na singa zikilowa zinakuwa nyeusi, hazinunuliki.

"Dada, ni mpaka kesho tu," alisema Kasmiri. "Afande mwenyewe hayupo."

"Najua hayupo."

"Basi tushushe."

Shamimu alimtazama Emiliana. Emiliana aliinamia kamba yake, akaendelea kusokota. Siku hiyo hakumkumbusha mtu kitu.

"Shusha za pembeni," Shamimu alisema. "Zinazobaki rudi nazo."

"Nikirudi nazo, tajiri mwenye mzigo atampa mwingine. Usije ukanilaumu."

"Sitakulaumu."

Mwantumu alisonya. Kisha akafunga khanga kiunoni, akaenda kusaidia kushusha.

Mvua ilianza Fuso likiwa linaondoka na nusu ya oda. Shamimu alikwenda nyuma, akavuta komeo. Mlango ulifunguka wote, na matone yakaingia mpaka miguuni pa Emiliana.

"Nimeuona, mwanangu, uko wazi," Emiliana alisema. "Sasa urudishie, nalowa."