Koti la Kijivu Ndani ya Kompyuta ya Kichogo

Jua lilikuwa limebaki ukucha tu Mama Pindo alipojifunga kitenge, akamwita bintiye, wakaenda studio kuchukua kompyuta.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Alikuwa fundi cherehani, na pindo akishalipiga yeye, nguo ilichakaa yote likabaki pindo. Mumewe alikuwa ametangulia zamani, akamwachia mtoto mmoja wa kike, sasa mwanamwali mzima anayetafuta kazi. Huyo mmoja ndiye alikuwa macho yake na fimbo yake. Na studio waliyoiendea ilikuwa ya mdogo wake Mama Pindo, mpiga picha za pasipoti, mwenye mdomo usiopumzika. Mtaa mzima walimwita Flashi.

Flashi alikuwa amenunua kompyuta mpya, nyembamba kama sinia. Ile ya zamani ilikuwa ya kichogo, kioo kimetuna nyuma kama kichwa cha mtoto aliyelazwa upande mmoja. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, bado inajifikiria.

"Mchukue mzee, dada," Flashi alisema. "Mbio hana tena, lakini akili zake timamu."

Wakabeba. Binti alichukua lile boksi la mashine, mama akakikumbatia kioo kifuani. Njia ilikuwa imeanza kuingia giza, na joto la mchana bado limo ukutani mwa nyumba. Lakini kile kioo kilikuwa baridi. Baridi ya mtungi uliolala kivulini. Mama Pindo akalalamika kwamba kitu chenyewe kizito kupita umbo lake. Binti akacheka, akamwambia kimebeba sura za watu wa mji mzima, kitaachaje kuwa kizito?

Majirani walipoiona hawakukosa la kusema. Mmoja alishauri wakitoe utumbo kile kioo, kuku wapate pa kuatamia. Mwingine alikitaka apandie maua. Binti akawasikiliza wote, kisha akafanya lake.

Ndani ya kompyuta ilibaki ile programu ya mjomba wake ya kukata vichwa. Nanyi mnajua kazi za studio. Mtu anaingia na fulana iliyotoboka kwapani, anapigwa picha, kichwa chake kinakatwa, kinawekwa juu ya koti la watu, anatoka na picha ya mkurugenzi. Binti akasema kama kichwa kinakaa juu ya koti, kitakaa na juu ya gauni. Akapiga picha magauni yote ya mama yake kwa simu, akayaingiza humo. Tangu hapo mteja akija anapigwa picha, anajiona ndani ya mshono kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Ugomvi ukaisha dukani. Zile kelele za "fundi, sivyo nilivyotaka" zikakoma. Mama mmoja mnene alikuja kwa mbwembwe akitaka mshono wa kubana. Alipojiona kwenye kioo akasema taratibu, "Fundi, funika hiyo. Tuanze upya."

Kompyuta ikawekwa mezani karibu na cherehani, na cherehani ikalia kutwa.

Siku moja binti akahitaji picha ya kuombea kazi. Humo humo kwenye kompyuta mjomba wake alikuwa ameacha koti lake la studio, la kijivu, lenye ua jeupe kifuani. Binti akaweka kichwa chake juu yake. Akapendeza. Mama Pindo akaja akiwa na tabasamu, akainama kutazama.

Tabasamu likakauka.

Fundi huona nguo kabla ya kuona sura. Na lile koti halikuwa limening'inia. Koti la mtu aliyesimama huvutwa chini na uzito wake. Hili lilikuwa limemwagika pembeni, kola imelala huku na huku, mabega yamepanda kwenye masikio kama limesukumwa kutoka chini. Mama Pindo akajiambia labda ni mtindo. Akarudi kwenye cherehani yake.

Asubuhi yake binti aliamka hana sauti.

Si kwamba ilikwaruza. Haikuwepo. Anafungua kinywa, midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Mama akamshika shingo, akauondoa mkono haraka. Shingo ilikuwa baridi. Baridi ile ile aliyoikumbatia njiani.

Zahanati wakampa vidonge vya kumung'unya na maneno ya kumtia moyo. Hali ikabaki pale pale, kisha ikazidi. Binti akawa mtu wa kulala tu, kope nzito. Jioni moja Mama Pindo alipoiwasha kompyuta amhudumie mteja, ile picha ya bintiye ikajitokeza yenyewe.

Macho yalikuwa nusu.

Binti alipigwa picha ile akiwa ameyakodoa. Mama alikuwapo, aliona. Sasa kope zilikuwa zimeshuka. Kesho yake zilikuwa zimeshuka zaidi...

Akajaribu kuifuta. Kompyuta ikaganda. Akaichomoa, akaichomeka tena. Picha ilikuwa bado ipo.

Ndipo alipomwendea Flashi. Hakusalimia. Akamuuliza lile koti la kijivu alilipata wapi.

Flashi akaanza na mzaha wake, kwamba koti lile limewapatia watu kazi na wachumba. Mama Pindo akamkazia macho hadi mzaha ukamwishia mdomoni. Akaeleza, sauti ikishuka kila alipofika mbele. Zamani hizo, studio ikiwa changa, aliitwa kwenye msiba akampige marehemu picha ya mwisho. Mwanaume mmoja, yumo kwenye jeneza, amevalishwa koti zuri ajabu. Wafiwa hawakuja kuichukua ile picha. Na yeye wakati huo hakuwa na koti hata moja la kuwavisha wateja.

"Nikakata kichwa, nikabaki na koti," akasema. "Dada, marehemu ana haja gani nalo?"

"Na kichwa?"

"Nilikitupa. Humo ndani ya kompyuta kuna pipa la taka... nikalimwaga."

Alijitetea kwamba amewavisha koti lile watu wengi na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Mama Pindo alikuwa ameshatoka.

Alifika nyumbani magharibi inaingia. Akapita chumba cha ndani kumwangalia binti: amelala chali, mikono imewekwa sawasawa ubavuni. Hakuwa na kawaida ya kulala hivyo. Mama akamfunika, akarudi dukani, chumba cha mbele, akiwa na nyundo mkononi, amekwisha kata shauri. Liwalo na liwe.

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukawa kiza. Akasikia majirani wakiguna na kuitana mishumaa. Akapapasa meza, akageuka.

Kile kioo kilikuwa bado kinawaka.

Picha ya bintiye ilikuwepo, na macho yalikuwa yamefumba kabisa. Kisha harufu ikaja. Mbao mbichi. Kafuri. Na udongo, ule wa kuchimbwa sasa hivi...

Hakuna aliyebisha hodi. Lakini ng'ambo ya meza ya kukatia alisimama mtu. Kofia imeshuka usoni, skafu imezungushwa shingoni mara nyingi. Amevaa koti la kijivu, lina ua jeupe kifuani.

"Fundi."

Nyundo ikamtoka Mama Pindo mkononi. Si kwa kumwona. Kwa kumsikia. Ule mnong'ono ulikuwa sauti ya mwanawe.

"Baridi inaingia mgongoni," mtu yule akasema.

Akageuka taratibu.

Koti halikuwa na mgongo. Lilikuwa limepasuliwa toka kolani hadi chini. Mama Pindo alielewa papo hapo, maana wanaovisha maiti hufanya hivyo: mkono uliokwisha kukakamaa haupiti kwenye mkono wa koti, basi hulipasua nyuma, wakaliweka kwa mbele, wakachomekea pembeni. Mbele bwana harusi. Nyuma hakuna kitu.

Na ndani ya ule mpasuko hakuona ngozi wala mfupa. Giza tu.

Akainua macho. Chini ya kofia zilichungulia ncha za nywele zilizosukwa. Alizijua. Alizisuka mwenyewe, binti akiwa amekaa katikati ya magoti yake, wakicheka habari za majirani.

Akashika meza.

"Mwanangu amekukosea nini?"

"Miaka yote nilikuwa studio," ikasema sauti ya bintiye. "Huko hakukuwa na fundi. Hapa nikasikia cherehani."

"Mrudishe."

"Shona kwanza."

Mama Pindo akamwambia avue. Alisema hivyo kwa kuwa mkono wake ulikataa kusogea. Mafundi waliomfunza walimkanya tangu siku ya kwanza: nguo haishonwi mwilini. Aliye hai huvua. Anayeshonewa mwilini ni yule asiyeweza kuvua tena.

Mtu yule akaigusa kofia yake. Halafu...

"Nikivua, hiki kichwa kitakaa juu ya nini?"

Basi akatunga uzi wa kijivu. Tundu la sindano likacheza mbele yake kama nzi. Alipofanikiwa alipiga moyo konde, akaanza kolani. Kitambaa kilikuwa baridi, kimeloa umande. Akaunganisha upande huu na ule, akachoma sindano ya kwanza.

Kutoka chumba cha ndani kikasikika kiguno.

*Mm...*

Mama Pindo akasita. Akasikiliza. Akachoma tena.

*Mm...*

Ilikuwa sauti. Ndogo, ya mbali, lakini sauti. Mwanawe ambaye hata kukohoa alikuwa hawezi! Machozi yakamshuka. Inarudi, akawaza. Kila sindano inarudi kidogo. Akaushona ule mgongo kama mtu anayevuta ndoo kisimani akiwa na kiu, mshono mdogo mdogo, wa kubanana, ule aliowawekea wateja anaowapenda. Sindano inaingia, kiguno kinajibu. Sindano inaingia, kiguno kinajibu. Mpasuko ukafunga shingoni, ukafunga mabegani, giza la ndani likapungua likapungua, akafika kiunoni ambako koti liliishia.

Akapiga fundo. Akainama, akaukata uzi kwa meno, mazoea ya kazi.

Uzi ulikuwa na ladha ya chumvi.

Taa zikawaka.

Mtaani watoto wakashangilia. Ng'ambo ya meza hapakuwa na mtu, ila sakafu ilikuwa na alama ya maji pale aliposimama. Kwenye kioo lile koti lilikuwa limekaa vizuri, limening'inia kama makoti ya watu. Juu ya kola hapakuwa na kichwa cha mtu yeyote. Kisha kioo kikatoa sauti kama pumzi inayoachiliwa, kikazima. Hakikuwaka tena.

"Mama."

Akaukimbilia ule mlango nusura aung'oe. Binti alikuwa ameketi kitandani, macho yamefunguka, anauliza mbona amelala mpaka usiku na kuna chochote cha kula. Mama akamshika shingo. Ilikuwa na joto. Akamkumbatia, wakalia wote, mmoja akijua anacholilia na mwingine akilia kwa sababu mama yake analia.

Flashi alikuja siku iliyofuata. Alisimuliwa yote. Akaifungua ile kompyuta mwenyewe, akatoa diski yake, akaiponda kwa nyundo hadi ikawa vumbi linalong'aa. Makoti mengine yote ya studio aliyafuta pia. Siku hizi wateja wake huvaa koti la kweli, lililotundikwa msumarini, na wakinung'unika kwamba linanuka jasho huwaambia jasho ni dalili njema.

Binti akapata kazi. Sauti ilimrudia kamili, hata akawa mwimbaji wa nyumba, anafagia anaimba, anaosha vyombo anaimba. Mama Pindo akaanza kulala usingizi.

Ikawa jioni moja kabla hajaripoti kazini, mama anamjaribisha gauni jipya alilomshonea. Binti amempa mgongo, zipu iko wazi, anasimulia habari za usaili wa huko ofisini kwa cheko lake lile. Mama Pindo akapitisha kiganja mgongoni kulainisha kitambaa cha ndani.

Vidole vikakwama.

Chini kidogo ya kisogo, ndani ya ngozi, palikuwa na kitu kama mstari. Akaufuata. Ulishuka katikati ya mabega, umenyooka, una vijivimbe vidogo vidogo vilivyobanana. Haukuwa kovu. Kovu halina mpangilio. Akaupapasa tena, taratibu, kwa ncha ya kidole, kama anavyokagua kazi kabla ya kumkabidhi mteja. Kila fundi ana mwandiko wake kwenye sindano, na huu aliujua. Uliegemea kushoto kidogo. Ulikuwa wake, ule ule wa usiku wa koti.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Simama wima, mwanangu."

Kidole kikaenda hadi kiunoni, mstari ulikoishia. Pale palikuwa na fundo dogo, gumu kama punje ya mtama. Na kwenye fundo, kimejitokeza nje ya ngozi, kinapepea kwa pumzi yake, kipande kifupi cha uzi wa kijivu.

Mama Pindo akakitazama. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote ya kung'oa nyuzi zilizobaki, ukaanza kukisogelea.

Akaurudisha. Akapandisha zipu polepole hadi juu, akaufumba mgongo wa mwanawe, akamwambia gauni limemkaa vizuri.