Karatasi Nilizofungia Maandazi

Kila asubuhi, jua likianza kuchungulia upande wa Kingolwira, mimi na binti yangu Josephina tunakuwa tumeshakaa kwenye vigoda nyuma ya nyumba yetu Mwembesongo, tunafunga mchicha. Yeye anachambua majani, mimi nafunga mafungu kwa kamba za mgomba, halafu najitwika beseni naingia mitaani. Nyumbani tunamwita Fina. Mwaka wa kisa hiki alikuwa amemaliza darasa la saba mwezi wa tisa, akisubiri kidato cha kwanza mwezi wa kwanza.

Miezi ile ya kusubiri ndiyo inayowatia wazazi wazimu. Mtoto amesoma miaka yote kwa Kiswahili, na sekondari atakuta kila somo ni Kiingereza. Mimi niliishia la saba, na Kiingereza changu kinaishia kwenye kusalimia. Halafu shule moja ya masista, iliyoko chini ya mlima, ikatangaza nafasi tatu za kufadhiliwa kwa wasichana watakaofaulu usaili wake. Nafasi tatu kwa mkoa mzima. Niliitaka moja kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

Nikampeleka Fina kwa Ticha Stambuli, anayefundisha masomo ya maandalizi kwenye banda la bati karibu na kwetu. Alikwenda pamoja na rafiki yake Irene, mtoto wa jirani. Ticha Stambuli alijulikana mtaa mzima kwamba anajua masista wanauliza nini. Kila mwaka, alisema, wanauliza kauli ya kutendwa.

Fina alinieleza kauli hiyo, jinsi alivyoisoma kwenye kitabu chake cha shule, tukiwa tunafunga mboga. Sisi tukitaka kusema kitu kimefanyiwa kazi, tunabadili mwisho wa neno tu, funga inakuwa fungwa, na mambo yamekwisha. Mwingereza hatosheki na hapo. Kitu kinachotendewa anakileta mbele, halafu anaweka is au are, was au were, kufuatana na wakati na idadi, kisha kitenzi kinavaa umbo lake la tatu. Mtendaji akitajwa, anakaa nyuma na kutanguliwa na by.

"Mother ties the spinach," akasema, akininyooshea kidole. Akainua fungu la mboga. "The spinach is tied by Mother."

Nikamuuliza mbona mimi nimetupwa nyuma wakati mgongo unaouma ni wangu. Akacheka, akasema kwamba hata kuondolewa naweza nikaondolewa. The spinach is tied. Sentensi imetimia na mimi simo.

Kwa hiyo mtoto alikuwa anaelewa. Niliisikia kwa masikio yangu, na bado sikuamini, kwa sababu Ticha Stambuli alikuwa na njia yake. Alikuwa na sentensi arobaini alizokusanya kutoka kwenye mitihani ya nyuma, na kila sentensi ilikuwa na jibu lake. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuzimeza zote. Ukipita barabarani alasiri unawasikia wanaimba: ya kwanza, mbuzi walifukuzwa na mkulima, ya pili, barua iliandikwa na Juma. Irene alikuwa anazitiririsha mpaka watu wanasimama kumsikiliza.

Siku moja Fina akamwomba Ticha awaeleze wanafunzi kwa nini sentensi ya tisa ina was na ya kumi ina were. Ticha akamjibu kwamba mtihani hauulizi kwa nini, unauliza jibu. Fina akauliza tena. Mara ya tatu Ticha akamtoa nje asimame mlangoni mpaka kipindi kiishe. Mwanangu hakusimama mlangoni. Alichukua daftari lake akarudi nyumbani.

Nilimwambia arudi akaombe radhi. Akasema kuhusu kujibizana ataomba radhi, lakini kuimba hataimba.

"Mama, nikimeza arobaini, wakileta ya arobaini na moja nitatema nini?"

"Utatema meno," nikamjibu. Sikuwa natania.

Hakwenda. Nilimnyima kucheza na wenzake, nikamnunia, nikamletea shangazi yake aje amseme. Aliendelea kuchambua mchicha kama hakuna aliyesema kitu. Mwishowe nikampandisha gari la Mgeta aende Nyandira kwa mama yangu mzazi, Bibi Scholastika. Nilijua kule juu mashamba yamekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, na mtu akipanda na kushuka na kikapu cha njegere siku nzima, magoti yanamfundisha heshima. Nilitaka apate taabu kidogo akili imrudie.

Baada ya wiki mbili akarudi na mikono imechanika na ukaidi uleule. Ila daftari lilikuwa limejaa. Kila kazi waliyofanya aliigeuza kuwa sentensi, kisha sentensi ile akaigeuza kuwa ya kutendwa, akitazama orodha ya vitenzi iliyo nyuma ya kitabu chake cha shule. Njegere zinachumwa asubuhi. Karoti zilioshwa jana. Kabichi zitabebwa kesho. Bibi yake hajui Kiingereza hata kidogo, lakini jioni wakimenya viazi alimtaka asome moja moja, halafu amwambie kwa Kiswahili nani alifanya, lini, na kama kitu kilikuwa kimoja au vingi. Fina akibabaika, bibi anamwambia arudie. Mwanamke asiyejua hata kusoma gazeti alikuwa anamfundisha kuliko mimi niliyekuwa nahangaika mjini.

Lakini mimi ningejuaje? Nililichukua lile daftari kwa siri nikalipeleka kwa Ticha Stambuli. Akafunua kurasa mbili tatu. Hakusema kwamba zimekosewa. Alisema tu, "Hizi hazimo, mama."

Hazimo. Neno hilo lilinikaa kifuani kama mfupa. Nilimwomba Ticha anipe zile arobaini, nikaenda steshenari kutoa kopi, karatasi tatu. Nilipomkabidhi Fina, alinirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akasema, "Ahsante mama, sizihitaji."

Asubuhi ya usaili nilikaanga maandazi mapema. Yeye akiwa anaoga, nilichukua zile karatasi nikafungia maandazi manne, maandishi yakiwa kwa ndani, nikaweka kwenye mkoba wake pamoja na chupa ya maji. Nilijiambia kwamba saa ya mapumziko atafungua ale, macho yake yataangukia zile sentensi, na hata kama ni mkaidi hawezi kuyafumba. Nani angeshangaa andazi kufungwa kwenye karatasi? Kwetu ndivyo tunavyofunga kila siku.

Tulifika getini pamoja na Irene na mama yake. Sista Judith, mkuu wa shule, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alitusalimia kwa Tumsifu Yesu Kristo, Wakristo tukaitikia, Waislamu wakampa shikamoo. Kisha akatoa sharti moja. Hakuna daftari wala karatasi yoyote yenye maandishi itakayopita geti hilo, na atakayekutwa nayo atatolewa. Kama kuna mtu anayo, aitoe sasa.

Watoto watatu walitoa karatasi zao. Mimi nilisikia kila neno, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye mkoba wa mwanangu. Nilinyamaza.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Hisabati. Wazazi tulikaa kwenye mabenchi nje ya uzio, tukihesabu saa. Mapumziko yalipofika niliona kwa mbali wasichana wametawanyika kwenye nyasi wanakula. Halafu nikamwona Bwana Hatibu, msimamizi wa mtihani, anakuja kuelekea ofisi iliyo karibu na geti. Mkono mmoja ameshika karatasi zenye mafuta, mkono mwingine anamwongoza Fina.

Sista Judith akatoka. Sote tuliokuwa kwenye mabenchi tulisikia. Bwana Hatibu alisema amemkuta na sentensi za kauli ya kutendwa, na mtihani wa Kiingereza unaanza baada ya dakika kumi, na yeye ameshamwondolea karatasi yake mezani. Sista akamuuliza Fina kama ni zake.

"Si zangu, Sista. Na sijazisoma. Nilipoziona nilizikunja."

"Ni za nani?"

Fina alinitazama. Mara moja tu, halafu akageuza uso haraka, kama mtu aliyefunga mlango. "Sitasema."

"Usiposema, nitakutoa."

"Nitoe, Sista. Lakini mimi sijaibia."

Hakulia. Alisimama wima, kidevu juu, na mimi niliyemwita mkaidi miezi yote ile nikaona ukaidi huo sasa unanikinga mimi. Mama Irene alinishika kitenge, akaninong'oneza nikae, nikizungumza nitamharibia zaidi, maana wataona ni mtoto wa mama mwizi. Na alichosema kilikuwa na maana.

Nikasimama. Nikaenda mpaka kwenye nondo za geti.

"Sista, nimeziweka mimi. Yeye alizikataa nyumbani. Nikazifungia maandazi asijue, na pale ulipotangaza nilikusikia, nikakaa kimya."

Wazazi wote walinigeukia. Mmoja akaguna. Sista Judith akaniuliza kama naelewa kwamba kwa kusema hivyo sijambadilishia sharti. Karatasi zimepita geti. Nikasema naelewa.

Hapo ndipo Fina alipozungumza bila kuulizwa. Alisema kwamba kama wanadhani anategemea karatasi, wamuulize sentensi ambazo hazimo humo. Hapa hapa, mbele ya watu, sasa hivi. Bwana Hatibu akamwambia ashike adabu. Fina akamwomba radhi, kisha akarudia ombi lake vilevile.

Sista akazipitia zile karatasi tatu, mstari kwa mstari. Akainua kichwa akatazama huku na huku. "Mr Hatibu locked the gate," akasema.

"The gate was locked by Mr Hatibu."

Kulikuwa na wasichana wanafagia madarasa. "The girls are sweeping the rooms."

Fina akafikiri kidogo. Niliona midomo yake inacheza kama anavyosoma daftari lake nyumbani. "The rooms are being swept by the girls."

Pembeni kulikuwa na kiti kimevunjika mguu. "Somebody has broken that chair."

"That chair has been broken."

"Mbona hukusema by somebody?"

"Kwa sababu hatumjui, Sista. Kumtaja mtu tusiyemjua hakuongezi kitu."

Sista akamwambia atunge mbili zake mwenyewe. Fina akamtazama usoni.

"I was removed," akasema. "I was not asked."

Sikuelewa wakati ule, alinitafsiria baadaye: niliondolewa, sikuulizwa. Lakini nilimwona Bwana Hatibu akitazama viatu vyake. Sista akauliza kwa Kiswahili aliyemwondoa ni nani, maana hapo anajulikana.

"Anajulikana, Sista. Ndiyo maana sikumtaja. Kila aliyepo hapa alimwona."

Sista Judith hakutabasamu. Alimwambia Fina aende akaanze mtihani, na dakika alizopoteza hatafidiwa. Mimi akaniambia kwamba nisikanyage ndani ya geti hilo mpaka matokeo yatoke, na kwamba siku nyingine nikitaka kumsaidia mwanangu, nianze kwa kumwamini. "Umemfundisha kusema kweli, mama, halafu hukumwamini alipokataa karatasi zako," akaniambia. "Leo umerudi upande wake. Baki hapo."

Matokeo yalitoka baada ya wiki mbili. Fina alipata nafasi ya pili kati ya tatu. Irene hakupata. Mtihani ule ulikuwa na sentensi ishirini, na zilizotoka kwenye zile arobaini zilikuwa tatu tu. Nyingine Irene alizijibu kwa mbuzi na mkulima hata pale ambapo hapakuwa na mbuzi wala mkulima. Hakuwa mjinga Irene. Alimeza alichopewa na watu wazima. Siku hizi, Jumamosi asubuhi, anakuja kwangu, anakaa kwenye kigoda cha tatu, na Fina anamwelekeza mpaka aseme mwenyewe kwa nini. Safari hii mimi ndiye ninayewaambia warudie.

Wapo majirani wanaoniambia mpaka leo kwamba nilijidhalilisha bure, kwamba ningekaa kimya mtoto angejitetea mwenyewe kama alivyojitetea. Siwakubalii. Ningekaa kimya, mwanangu angebeba kosa langu mgongoni, na kila nikimwambia sema kweli angenitazama tu.

Basi nawaonya ninyi mnaosoma. Usimeze usichokielewa, hata kikiimbwa na mtaa mzima. Uliza kwa nini, ukitolewa nje endelea kuuliza, kwa adabu. Na kama anayekuletea njia ya mkato ni mama yako, anayekupenda, aliyekukaangia maandazi, mrudishie karatasi zake kwa mikono miwili. Atakasirika. Mimi nilikasirika. Lakini mkatalie hivyo hivyo.