Esnath Hakuzima Video

Esnath alikuwa fundi cherehani wa kijiji cha Kinyala. Alishona sare za shule, magauni ya kwaya na suruali za wazee. Cherehani yake ilikaa barazani. Mvua ikianza, na huku mvua haikawii kuanza, aliivuta sebuleni akaendelea kushona.

Alikaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni. Saa nne alikunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, pamoja na maandazi matatu. Mchana alikula ndizi zilizoungwa kwa mafuta mengi. Jioni alikula ugali, akashiba, akalala. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na uzito wa kilo tisini na nne.

Watu walimsifu.

"Mama Happy, umenawiri! Baba Happy anajua kutunza mke."

Mumewe, Ambindwile, alifurahi kusikia hivyo. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Binti yao Happy alikuwa shule ya bweni, kidato cha tatu. Nyumba ilikuwa na amani. Lakini Esnath aliumwa magoti na kichwa. Akipanda kilima kidogo tu, alisimama mara tatu kuvuta pumzi.

Siku moja simu ilipigwa kutoka kijiji cha Nkunga. Dada yake, Marietha, alikuwa ameanguka jikoni. Alikuwa amepata kiharusi.

Esnath alikwenda kumuuguza wiki mbili. Mkono wa kulia wa Marietha haukusogea. Mdomo ulipinda. Alitaka kusema, ikatoka sauti bila maneno, kisha machozi. Esnath alimlisha uji kwa kijiko, akamfuta kidevu kwa kanga. Marietha alikuwa na miaka arobaini na tisa tu. Alikuwa mnene kama Esnath, na hakuwahi kupima presha.

Esnath aliporudi Kinyala, hakugusa cherehani. Alikwenda moja kwa moja kituo cha afya kupima presha.

Aliyempima alikuwa nesi Aika. Aika alitoka Kilimanjaro, akapangiwa kazi huku. Alipanga chumba nyumba ya pili kutoka kwa Esnath.

"Mama Happy, presha yako ni 162 kwa 98," alisema Aika. "Imepanda."

Daktari alimpa dawa. Akamwambia apunguze chumvi, apunguze uzito na afanye mazoezi.

"Nitafanya," alisema Esnath. "Mimi sitalishwa uji kwa kijiko. Nakataa."

Kesho yake alitoka kutembea barabarani. Vijana wa bodaboda wakacheka.

"Pisheni! Lori limetoka gereji!"

Kisha mvua ikanyesha. Esnath akarudi amelowa, amekasirika. Akasema moyoni, kama barabara ina maneno, sebule ni yangu.

Akatafuta video ya mazoezi kwenye simu. Akaiona moja imeandikwa: "Ondoa tumbo kwa siku saba." Msichana mwembamba alikuwa akirukaruka kama panzi. Esnath aliamua kuruka naye dakika arobaini. Tena hakuwa amekula kitu tangu jana yake mchana, ili apungue haraka. Hata dawa hakunywa. Alifikiri mazoezi yanatosha.

Dakika ya kumi na mbili goti lilimchoma kama sindano. Macho yakaingia giza. Akaanguka, akagonga ubavu kwenye kiti.

Wifi yake Beatrice, dada mkubwa wa Ambindwile aliyeishi jirani, alisikia kishindo. Akaja mbio, akamkuta sakafuni.

"Gwe, wewe Esnath! Unataka kufa? Mtu mzima unarukaruka kama mtoto! Huo mwili ni wa ukoo wenu. Mama yenu alikuwa mnene, bibi yenu alikuwa mnene. Mungu amekupa, wewe unamrudishia!"

"Mungu hakunipa maandazi matatu, wifi," alijibu Esnath akishika ubavu. "Nilinunua mwenyewe."

Jioni Aika alikuja kumwona. Alimpima tena, akamkagua goti. Hakumcheka.

"Umefanya vizuri kuanza," alisema. "Ila umeanza vibaya. Nionyeshe hiyo video."

Aliitazama, akatikisa kichwa.

"Huyu ana miaka ishirini na mbili. Huenda anafanya hivi miaka mingi. Na hakuna tumbo linaloondoka kwa siku saba. Mtu akipungua nusu kilo kwa wiki, huko ndiko kupungua kuzuri. Kuna wiki hutapungua kabisa. Usikate tamaa."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza, dawa usiache. Mazoezi yanasaidia dawa, hayachukui nafasi yake. Pumzika siku chache goti litulie. Halafu tunaanza na dakika kumi."

"Kumi tu?"

"Kumi tu. Mwili unafundishwa, hauviziwi."

Aika alimchagulia video nyingine. Mwalimu wake alikuwa mama wa makamo, tena mnene kidogo. Hakuruka hata mara moja. Alipiga hatua palepale aliposimama. Aliinua mikono. Alikaa kwenye kiti na kuinuka, akasukuma ukuta kwa viganja. Aika aliipakua kwenye simu ya Esnath, ili asimalize bando kila siku.

"Vaa raba, usivae ndala," alisema. "Kiti kiegemee ukutani kisiteleze. Anza polepole mwili upate joto, na mwishoni punguza polepole. Ukifanya mazoezi uweze kuzungumza. Ukishindwa kutoa neno, punguza kasi. Kifua kikibana, pumzi ikikata au kizunguzungu kikija, acha, njoo kituoni. Usijikaze kwa aibu."

"Na chakula? Nisile?"

"Ule! Kilichokuangusha ni njaa pia. Ndizi kula, ila zichemshe na maharage, mafuta kidogo. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Robo iwe ndizi au ugali. Robo iwe maharage, samaki au yai. Sukari ipunguze kijiko kimoja kimoja mpaka ulimi uzoee. Soda na maandazi viwe vya siku moja moja. Na hizo dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa mnadani usiguse."

Esnath alicheka. Mkobani alikuwa na pakiti moja. Akaitoa, akaitupa shimo la taka mbele ya Aika.

Wiki iliyofuata alianza. Kila jioni saa kumi na moja alifunika cherehani kwa kitambaa, akaegemeza simu juu yake, akafungua video. Kushoto, kulia. Kaa, inuka. Siku ya kwanza alitamani kulia. Siku ya nne paja liliuma hata kwenda chooni ilikuwa kazi. Akaendelea. Baada ya wiki mbili aliongeza dakika tano. Mwezi wa pili alifika dakika thelathini, siku tano kwa wiki.

Kiuno alikipima mwenyewe kwa futi yake ya ufundi. Mara ya kwanza kilikuwa sentimita mia moja na nane. Aliandika ukutani kwa chaki ya kushonea. Kila mwezi namba ilishuka.

Mwezi wa tatu mashavu yalipungua, na watu wakaanza kusema. Wengine walisema Esnath ana ugonjwa anaoficha. Wengine walisema Ambindwile ana mwanamke mjini Tukuyu, mkewe anakonda kwa mawazo. Siku moja Ambindwile alirudi kutoka kupeleka maziwa, uso umekunjamana.

"Mama Happy, acha hiyo video."

"Kwa nini?"

"Wenzangu wameniuliza kama nakunyima chakula. Mbele ya watu! Mimi nina ng'ombe wanne. Nitaweka wapi uso?"

Esnath aliweka mkasi chini. Kisha akasema polepole.

"Baba Happy, dada yangu alipokuwa mnene walimsifu. Alipoanguka, niambie, nani katika waliomsifu alikwenda kumlisha? Nilikwenda mimi. Mimi nikianguka, utanilisha wewe. Wenzako wa maziwa hawatakuja. Sasa chagua uso wako au mdomo wangu."

Ambindwile alivaa mabuti yake. Alitoka, akakaa zizini mpaka giza likaingia.

Jumapili baada ya ibada, Beatrice alikuja na shangazi wawili wa ukoo. Waliketi sebuleni wamejipanga. Hicho kilikuwa kikao.

"Tumekuja kwa upendo," alianza Beatrice. "Unatuaibisha, wifi. Mke wa Ambindwile amekuwa kama fimbo. Kwaya nzima inauliza. Ukoo unasema uache. Ule, unenepe, watu wanyamaze."

Esnath aliwasikiliza wote watatu mpaka wakamaliza. Akawaletea chai. Sukari akaiweka pembeni, kila mtu ajichotee. Kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kamili.

"Shangazi zangu, nawaheshimu," alisema. "Wifi, nakuheshimu. Lakini presha iko kwenye mishipa yangu, haiko kwenye kwaya. Watu hawatanyamaza. Nilipokuwa mnene walisema, nimepungua wanasema. Basi waseme. Naomba mniwie radhi, muda wangu umefika."

Akavaa raba. Akasogeza kiti ukutani. Akaegemeza simu, akabonyeza.

Shangazi mmoja alishika mdomo. Beatrice alisimama.

"Zima hiyo!"

"Sizimi."

Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Esnath alipiga hatua mbele ya ukoo mzima, kidevu juu. Miguu haikusimama.

Ambindwile alikuwa mlangoni na mabuti ya zizini. Alimtazama dada yake. Alimtazama mkewe. Akavua mabuti, akaingia na soksi zake zenye tundu, akasimama kando ya Esnath. Akaanza kuinua magoti. Alikosea mara moja akaenda kulia wakati wengine wanakwenda kushoto.

"Dada, keti unywe chai," alisema akihema. "Mwanamke huyu nilimuoa mimi. Nataka nizeeke naye."

Beatrice aliondoka bila kuaga. Shangazi wawili walibaki. Mmoja alimaliza chai yake, akauliza kwa sauti ndogo: "Hicho kipimo cha presha, wazee nao wanapimwa?"

"Wanapimwa, shangazi," alisema Esnath bila kusimama. "Kesho nitawapeleka."

Mwezi wa tano Esnath alirudi kwa nesi Aika. Uzito ulikuwa kilo themanini na tano. Presha ilikuwa 130 kwa 82. Daktari alisema aendelee na dawa, waone baadaye kama zinaweza kupunguzwa. Magoti hayakumuuma tena. Kilima alikipanda bila kusimama.

Alipotoka kituoni mvua ilikuwa inanyesha. Mama mmoja wa kwaya alikuwa amejikinga chini ya paa la duka. Alimtazama Esnath juu mpaka chini, akasikitika.

"Mama Happy, jamani! Umeisha!"

Esnath alifungua mwavuli wake.

"Sijaisha, mama," alisema. "Ndiyo kwanza naanza."

Akashika njia ya Kinyala, akitembea haraka katikati ya mvua.