Kisanduku Kisicho na Jina

Illuminée alichora visanduku vitano. Programu ikahesabu sita.

"Programu za bure zina mambo yake," alisema mumewe, Mutsinzi, akivaa viatu aende kazini Kacyiru. "Kifute tu."

Akakifuta. Yeye alikuwa likizo ya uzazi nyumbani kwao Masaka, binti yake mchanga amelala kando, bado hajapewa jina. Sherehe ya jina ilikuwa Jumamosi, na alitaka wageni waone kwenye televisheni picha za zamani za ukoo, kila uso na jina lake. Zilikuwa picha za mama yake za enzi za ukimbizi kule Karagwe, zilizoskaniwa dukani Muhima. Kazi yenyewe nyepesi: unafungua kivinjari, unachora kisanduku kuzunguka uso, unaandika jina. Ila programu ilikuwa kaidi, haihifadhi picha mpaka kila kisanduku kipate jina.

Kisanduku kikarudi. Kilizunguka kifua cha mama yake, ambaye kwenye picha ni msichana ameketi kitini, mikono ameikunja kama aliyepakata kitu. Hakupakata kitu.

Mchana ule chumba kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Illuminée alifua shuka, akafua blauzi zake, harufu ikabaki palepale. Kisha mtoto akawa hashibi. Kila alipopewa ziwa alilikuta tupu, kana kwamba mwingine amemtangulia, na alipochoka kulia akanyamaza na kufumba mdomo, kilio kikaendelea, chembamba, kikitoka upande wa meza ya kompyuta, na Illuminée akamkumbatia mwanawe aliyezidi kuwa mwepesi, akatazama picha ya mtoto huyohuyo, aliyoiongeza kwenye programu asubuhi, akaona kisanduku kitupu kimehamia usoni pake.

Akamwita mama yake, Bibi Pudentienne, aliyekuwa uani akichambua maharage.

"Mama," alinong'ona, akimfungulia tena ile picha ya zamani, kisanduku kimerudi kifuani, "kwenye picha hii ulikuwa umepakata nini?"

Mama aliitazama, kisha akasikia kilio.

"Yewe... Ni dada yako. Alikufa kabla ya siku ya jina. Wakaniambia asiye na jina haliliwi, wakamzika kimya kimya. Mpiga picha akaja kesho yake. Mikono yangu ilikuwa bado haijajua."

"Hukuniambia hata siku moja."

"Ningemtaja kwa jina gani, mwanangu?"

Illuminée alilia. Alimhurumia mama yake, lakini alimwogopa zaidi huyo aliyekuja kunyonya. Jina alikuwa nalo moja tu, alilomtunzia binti yake tangu akiwa tumboni: Gwiza. Akaanza kuliandika kwenye kisanduku. Mama akamkamata mkono.

"Acha! Ukimpa jina la huyu, atamchukua na mwenye jina."

Kisha, kwa kidole kimoja, akitafuta herufi mojamoja, akaandika jina lake mwenyewe.

"Mama, hilo ni lako!"

"Nimelitumia vya kutosha. Yeye hana hata moja."

Picha ikahifadhiwa. Kilio kikakatika, harufu ikaondoka, na mtoto akalikamata ziwa akanyonya mpaka akatokwa jasho. Illuminée akacheka huku analia.

Jumamosi watoto wa jirani walikula wakashiba, wakataja majina waliyoyapenda, kama ilivyo desturi, halafu Mutsinzi akatangaza la Gwiza. Watu wakapiga makofi. Picha zikapita kwenye televisheni.

"Sasa bibi ambariki mjukuu," alisema shangazi Claudette. "Pudentienne!"

Bibi alikuwa ameketi kitini pembeni, mikono ameikunja kifuani. Hakugeuka.

"Pudentienne!"

Kwenye televisheni kitoto kikaguna, kama kinachosumbuliwa usingizini. Illuminée akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika goti.

"Mama, wanakuita."

Bibi aliendelea kubembeleza mikono mitupu, "ihorere, ihorere," uso wake mtulivu kuliko alivyowahi kumwona.

"Waambie wasipige kelele," alinong'ona. "Wanamwamsha Pudentienne."